Mbwa, Paka na Mlango wa Bahari

Mhadhara wa wazi uliotolewa Mji Mkongwe, Unguja



Mwezi Mei mwaka 2014 kisiwa cha Pemba kilimaliza kichaa cha mbwa. Sisemi kilikipunguza, nasema kilikimaliza. Tangu mwaka 2010 watafiti na maofisa wa mifugo walikuwa wakifuatilia kila mnyama aliyeshukiwa, kijiji kwa kijiji, wakiuliza nani kaumwa, mbwa katokea wapi, kaelekea wapi, na baada ya hapo nani mwengine kaumwa. Walichukua sampuli za ubongo wa wanyama waliokufa, wakasoma vinasaba vya virusi, wakagundua kwamba minyororo mitano ya maambukizi ilikuwa ikizunguka kisiwani kwa wakati mmoja. Huku nyuma mbwa wakichanjwa kisiwa kizima, mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka kazi ikifanywa vizuri kuliko mwaka uliotangulia. Mnyororo mmoja ukakatika, ukafuata wa pili, mpaka yote mitano ikamalizika.

Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ukarudi, na vinasaba vikasema wazi kwamba haukuwa mabaki ya ule wa zamani uliojificha vichakani. Uliingia kutoka nje ya kisiwa, tena uliingia mara mbili. Ikabidi chanjo irejeshwe Pemba nzima, na mlipuko ule ukazimwa mwezi Oktoba 2018. Habari hizi alizichapisha Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na wenzake mwaka 2023, na ningependa kila mtu aliyemo ndani ya ukumbi huu azijue kama anavyojua tarehe za historia yetu.

Mbwa haogelei kutoka Tanga mpaka Mkoani. Ugonjwa uliorudi Pemba ulivuka bahari ndani ya chombo, na kila chombo kina nahodha, kina abiria, na kina mtu aliyempandisha mnyama.

Mada niliyopewa jioni hii ni masharti ya kumwingiza mbwa au paka katika nchi nyengine. Wengi wanaonijia na swali hili huliona kuwa swali la karatasi: cheti gani kinatakiwa, muhuri upigwe wapi, foleni iko dirisha gani. Nitajibu hayo. Lakini mimi niliyefanya kazi ya udaktari wa mifugo hapa Unguja mpaka nikastaafu, siwezi kuzungumza juu ya karatasi bila ya kuzungumza juu ya ugonjwa uliozizaa. Kila tarehe katika cheti cha mbwa imewekwa na kichaa cha mbwa. Na sisi watu wa visiwani tuna sababu ya kuzijali tarehe hizo kuliko watu wa bara, kwa sababu sisi tunaweza kuumaliza ugonjwa huu na tukaufungia mlango. Bara ni kazi ngumu zaidi: mbwa mwenye virusi hutembea kwa miguu yake kutoka wilaya moja hadi nyengine.

Nianze na kichaa chenyewe, kwa ufupi. Virusi hukaa katika mate. Mnyama akiuma, virusi huingia kwenye jeraha na kupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua wiki kadhaa, pengine miezi miwili au mitatu, na wakati wote huo mnyama anakula, anacheza, analala mlangoni, wala huoni kitu. Dalili zikishatokea, kwa mnyama na kwa binadamu, dawa hakuna; karibu kila aliyefikia hapo amekufa. Watafiti wamekadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, na katika kila vifo 100 vya binadamu, 99 hutokana na kuumwa na mbwa. Paka naye huupata na huuambukiza, ingawa si yeye anayeuendesha.

Sasa twende kwenye masharti, na nianze na anayeingia kwetu.

Mifugo na afya ya wanyama si jambo la Muungano. Ndio maana mgeni anayetua Dar es Salaam na mbwa wake, akakaa siku mbili, kisha akataka kupanda boti kuja bandari ya Malindi hapa Unguja, anashughulika na mamlaka mbili: Wizara ya Mifugo na Uvuvi kwa upande wa Tanzania Bara, na Idara ya mifugo ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kwa upande wetu. Kibali cha kule si kibali cha huku. Wapo wanaolishangaa jambo hili wakaliona ni urasimu wa nchi moja yenye milango miwili. Mimi naliona kuwa ni hekima, hata kama aliyeliweka hakulifikiria hivyo, kwa sababu virusi havisomi Katiba. Virusi vinajua kitu kimoja tu, nacho ni kwamba baina ya Dar es Salaam na Unguja kuna maji.

Mwenye mnyama anatakiwa aombe kibali cha kuingiza kabla hajaanza safari. Anakuja na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa ambacho muda wake haujapita, na cheti cha afya kilichotolewa na daktari wa mifugo wa serikali ya huko atokako. Akifika, awe uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume au bandarini, mnyama hukaguliwa, na namba iliyo mwilini mwake hulinganishwa na ile iliyoandikwa. Nawashauri wageni wasikate tiketi kabla kibali hakijatoka. Shirika la ndege nalo lina masharti yake: sanduku la safari liwe na nafasi ya mnyama kusimama, kujigeuza na kulala, liwe na hewa pande zote, liwe na chombo cha maji kinachoweza kujazwa bila ya kufungua mlango. Na msimpe dawa ya usingizi. Mnyama aliyelevywa hushindwa kujiweka sawa ndege inapoyumba, na pumzi yake hudhoofika pasipo mtu wa kumwangalia.

Anayetoka ndiye mwenye kazi zaidi, na hapa nitakaa kidogo.

Siku hizi jambo hili limekuwa kubwa kwetu. Vijana wa Kizungu wanaofanya kazi katika hoteli za Nungwi na Paje humwokota mtoto wa mbwa ufukweni, wakamlea msimu mzima, na msimu ukiisha hawana moyo wa kumwacha. Wazanzibari wanaohamia Ulaya kwa ndoa au kwa kazi wana paka aliyezaliwa uani kwao. Wanadiplomasia, walimu, watafiti, wote hao huja na wanyama wao na huondoka nao. Na paka wa pwani kusafiri kwenda mbali si jambo jipya. Mwaka 1978, huko Watamu, pwani ya Kenya, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, Jeni Slater aliokota paka wadogo wenye madoa ya ajabu. Mwaka 1984 paka wa ukoo ule wakapelekwa Denmark, na leo paka wa Sokoke ni aina inayotambuliwa na kufugwa Ulaya na Marekani. Mnyama wa vichakani kwetu akawa na cheti cha ukoo kizuri kuliko baadhi yetu.

Kwa anayekwenda nchi za Umoja wa Ulaya, utaratibu wa msingi uliwekwa na kanuni ya mwaka 2013, na Tanzania haimo katika orodha ya nchi zilizopunguziwa masharti. Kwa hiyo mbwa au paka wa Unguja hupita njia ndefu. Njia yenyewe ni hii. Kwanza anawekwa chipu, kidude kidogo kama punje ya mchele, kinachodungwa chini ya ngozi ya shingo na kubeba namba ya tarakimu 15. Baada ya hapo, au siku hiyohiyo, anachanjwa, na umri wake uwe si chini ya wiki 12. Zinapita si chini ya siku 30, anatolewa damu. Damu inapelekwa maabara iliyoidhinishwa, na kinga iliyomo ionekane kuwa angalau 0.5 kwa kipimo cha kimataifa katika kila mililita moja. Tokea siku ile ya kutolewa damu, si siku ya kupata majibu, inahesabiwa miezi mitatu. Hapo ndipo anaruhusiwa kuingia, akiwa na cheti cha afya cha daktari wa serikali ambacho ni cha siku 10 tu kabla ya kufika.

Jumlisheni wenyewe. Siku 30 na miezi mitatu ni miezi minne, hata kama kila kitu kimekwenda sawa. Na mtoto wa mbwa aliyezaliwa leo hawezi kukanyaga Ulaya kabla hajakaribia miezi saba.

Watu hukasirika hapa. Hudhani miezi mitatu ni ukatili wa karani. Lakini rejeeni yale niliyosema juu ya safari ya virusi kutoka kwenye jeraha hadi kwenye ubongo. Chanjo haimwokoi kwa uhakika mnyama aliyekwisha umwa wiki moja kabla ya kuchanjwa. Damu yake inaweza kuonyesha kinga, na bado ugonjwa uko njiani ndani ya mishipa. Ile miezi mitatu ni ya kumngojea: kama ugonjwa umo, basi kwa kawaida ndani ya muda huo utajitokeza, na utajitokeza hapa kwetu wala si katika sebule ya mtu wa Lisbon. Siku 30 za kabla ya damu nazo zina sababu yake. Mwili unahitaji wiki kadhaa kujenga kinga, na ukiwahi kupima utapata kinga haijakomaa, utafeli mtihani na gharama ya maabara imekwenda bure. Wiki 12 za umri ni kwa sababu mtoto anayenyonya bado anabeba kinga ya mama yake, na kinga hiyo huipinga chanjo. Hakuna tarakimu hata moja katika orodha hii iliyookotwa njiani.

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni la mpangilio. Alinijia mama mmoja wa mtaa wa Shangani, mume wake kapata kazi Ujerumani, tiketi za watoto zimeshakatwa. Akaniletea kadi ya paka wake, kadi safi kabisa: stika ya chupa ya chanjo imebandikwa, namba ya toleo inasomeka, tarehe ipo, sahihi ipo. Nikaitazama tarehe ya chanjo, nikaitazama tarehe ya chipu. Chipu iliwekwa wiki tatu baada ya chanjo.

Nikamwambia, "Mwanangu, chanjo hii haihesabiki."

"Haihesabiki vipi, daktari? Paka ni huyuhuyu, na kachanjwa mbele ya macho yangu!"

"Mimi nakuamini. Lakini ofisa atakayempokea Frankfurt hakujui wewe wala hamjui paka. Anachokijua ni namba. Na siku ile aliyochanjwa, paka huyu alikuwa hana namba."

Tulianza upya: chanjo nyengine, siku 30, damu, miezi mitatu. Familia ilitangulia, paka akabaki kwa bibi yake Kiponda, na walionana wakati wa baridi. Aliyemchanja yule paka hakuwa na nia mbaya, alifanya kazi yake vizuri ila aliianza mwisho. Ndiyo maana nawaomba wenzangu wenye kliniki: mtu akileta mnyama kuchanjwa kwa mara ya kwanza, mwulizeni kama kuna safari hata ya mbali. Kama ipo, chipu itangulie.

Damu nayo ina mambo yake. Bomba la damu halipelekwi hivihivi. Damu huachwa igande, kisha huzungushwa kwa mashine ili maji yake ya juu yatengane na chembe nyekundu, na maji hayo ndiyo yanayosafirishwa, yakiwa ndani ya barafu, na namba ya chipu imeandikwa juu ya bomba. Ikikosewa tarakimu moja, jibu litakalorudi ni la mnyama mwengine. Afrika Kusini kuna maabara ya Onderstepoort, na Ulaya zipo kadhaa. Zote husimamiwa kwa majaribio ya mara kwa mara na maabara ya marejeo iliyoko Nancy, Ufaransa. Majibu yakitoka mazuri, hayafi, mradi chanjo za kurudia hazikuruka hata siku moja. Ikiruka, hesabu yote inaanza tena.

Na hapa nina neno kwa wageni wanaokuja na mbwa wao kutoka Ulaya wakikusudia kurudi naye. Mpimisheni damu kabla hamjaondoka kwenu. Mbwa aliyepimwa kwao, na matokeo yakaandikwa katika pasipoti yake, hasubiri miezi mitatu wakati wa kurudi. Wengi huja kulijua jambo hili wakiwa wamekaa Jambiani, mkataba wa kazi umebakia mwezi mmoja.

Uingereza inafuata njia inayofanana na hiyo, na inaongeza mambo mawili: wanyama huingia kwa ndege wakiwa mizigo iliyosajiliwa, hawakai na abiria, na mbwa hupewa dawa ya minyoo ya tegu baina ya saa 24 na saa 120 kabla ya kufika. Marekani ilibadilisha masharti yake tarehe 1 Agosti 2024. Mbwa yeyote anayeingia awe na umri wa miezi sita au zaidi, awe na chipu, na fomu ijazwe kabla ya safari. Anayetoka nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, naye alichanjwa nje ya Marekani, anahitaji cheti kilichothibitishwa na daktari wa serikali, anatua katika viwanja vichache vilivyoteuliwa tu, na asipokuwa na majibu ya damu anawekwa karantini siku 28. Tanzania imo katika orodha hiyo, na Zanzibar imetajwa ndani yake kwa jina. Paka hawamo katika sheria hiyo, ingawa majimbo yanaweza kuwa na masharti yao. Australia haimpokei kabisa mnyama anayetoka moja kwa moja kwetu. Ni lazima kwanza apitie nchi inayokubalika, kisha akae karantini Mickleham, karibu na Melbourne.

Mtaona kwamba wakali zaidi ni watu wa visiwa. Uingereza ilikimaliza kichaa cha mbwa mwaka 1902. Mwaka 1918, vita vikiisha, askari waliokuwa wakirejea walificha mbwa na kuvuka nao, ugonjwa ukazuka upya, na ilichukua mpaka mwaka 1922 kuusafisha. Kwa miongo mingi kila mbwa na paka aliyeingia Uingereza alikaa karantini miezi sita, akiwemo mbwa wa ofisa wa Kiingereza aliyekuwa akirudi kwao kutoka Unguja hii. Sharti hilo lilianza kulegezwa mwaka 2000, ilipoanzishwa njia ya chipu, chanjo na damu. Hawaii, ambako ugonjwa haujawahi kuota mizizi, bado humweka mnyama siku 120 kama hakutimiza matayarisho yake.

Na wapo waliochelewa. Kisiwa cha Flores, Indonesia, hakikuwa na kichaa cha mbwa mpaka mwaka 1997, wavuvi walipoleta mbwa kwa mashua kutoka kisiwa kingine. Bali haikuwa nacho mpaka mwaka 2008, na inaaminika mlango ulikuwa huohuo, mashua na mbwa. Watu zaidi ya 100 walikufa Bali katika miaka iliyofuata. Bali ni kisiwa cha watalii kama chetu, kina mahoteli kama yetu, na mbwa wake wanazurura ufukweni kama wa Paje.

Sisi wenyewe tumeshaonja kumwingiza kiumbe bila ya kufikiri. Kunguru hawa wanaotupigia kelele Forodhani na kunyang'anya watoto mandazi waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, wale taka za mji. Waliisafisha? Muulizeni mwenye vifaranga. Wakavuka mpaka mwambao wa bara, na hakuna aliyeweza kuwarudisha. Na karantini si kitu kigeni kwetu: kisiwa cha Changuu, tunakowapeleka wageni kutazama kobe, majengo yake yalijengwa yawe gereza, lakini yalitumika kuwaweka abiria wa vyombo waliohofiwa kuwa na maradhi. Wazee wetu waliolala pale walikubali kuchelewa siku kadhaa ili mji usiambukizwe. Kile tulichomwekea binadamu, si ajabu tukimwekea mbwa.

Ndugu zangu, nimefika mahali ambapo sitaki kupapita haraka.

Mbwa wa Mzungu anayeshuka uwanja wa ndege, Kisauni, ana chipu, ana kadi, kachanjwa, kakaguliwa na watu watatu. Huyo hanitii hofu. Ninayemhofia yuko ndani ya kikapu. Siku moja bandarini nilimwona kijana anashuka na kikapu cha ukindu kilichofunikwa kanga, na kanga inatikisika. Nikamsalimu, nikamwuliza kabeba nini.

"Kijibwa tu, mzee. Kanipa shemegi yangu Bagamoyo, nakipeleka Makunduchi kwa wasasi."

"Kimechanjwa?"

"Mzee wangu, hiki hata meno hakijamaliza kuota, kitachanjwa wapi?"

Alikuwa mtu mwema, kanijibu kwa adabu, wala hakujua kwamba kuna kosa. Kijibwa kilikuwa kinanyonya kidole chake. Na hili ndilo linalotakiwa lieleweke: mtoto wa mbwa huumwa na mama yake au na mbwa mwengine, huambukizwa, na huweza kubeba virusi wiki nyingi huku anachezewa na kila mtoto wa kijiji. Wasasi wa kusini wanahitaji mbwa, kwa sababu nguruwe pori wanamaliza mihogo ya watu. Sheria ya dini yetu imeruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda shamba na mifugo. Sijasimama hapa kuwaambia wasifuge. Nasema mbwa wa kazi ni mbwa wa thamani, na mbwa wa thamani hasafirishwi chini ya kanga.

Twahara kwa madhehebu yetu ya Shafii ni kuosha mara saba pale palipoguswa na mate ya mbwa, moja kwa udongo, na kila mtu hapa analijua hilo tangu chuoni. Wengi kwa ajili hiyo hawamshiki mbwa kabisa, na mbwa asiyeshikwa hachanjiki kwa urahisi. Siku ya chanjo kijijini huwaona vijana wamemfunga mbwa kamba ndefu, mmoja mbele mmoja nyuma, wanamvuta kwa mbali. Nawaambia wazi: kinga inayotolewa kwa mkono uliovaa glavu, kisha mkono ukaoshwa, haimharibii mtu ibada yake. Tunahitaji masheha na maimamu watusaidie kulisema hili, kwa sababu likisemwa na daktari linasikika nusu.

Kinga inayokata mnyororo ni ya mbwa 70 katika kila 100. Na lazima irudiwe kila mwaka, kwa kuwa mbwa wetu hawaishi sana: huzaliwa wengi, hufa wengi, na baada ya mwaka mmoja wale waliochanjwa wamekwisha kuwa wachache tena. Katika kampeni hizo watoto wa mbwa nao huchanjwa, hata walio chini ya wiki 12, kwa sababu lengo ni kinga ya kijiji wala si cheti cha safari. Chanjo ya binadamu aliyeumwa inaokoa maisha na ni lazima ipatikane, lakini haiuzuii ugonjwa kuhama kutoka mbwa hadi mbwa. Utafiti wa Pemba umelionyesha hilo kwa hesabu, na ukakadiria kwamba kisiwa kikibaki salama, zaidi ya familia 30 kila mwaka zinaepushwa na balaa la kuumwa na mbwa mwenye kichaa.

Mkitaka kujua haya yanaunganika vipi na paka wa Shangani, tazameni Mauritius. Ni kisiwa cha Bahari ya Hindi kama chetu, na kwa sababu hakina ugonjwa huu, Umoja wa Ulaya umekiweka katika orodha yake. Paka wa Mauritius hahitaji kutolewa damu wala kungoja miezi mitatu. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani linaruhusu hata sehemu ya nchi ijitangaze kuwa salama dhidi ya kichaa kinachoenezwa na mbwa, ikiwa imepita miezi 24 bila ya mgonjwa aliyeambukizwa hapohapo, na ufuatiliaji unaoaminika upo. Unguja na Pemba ni sehemu ya aina hiyo. Mpaka wake umechorwa na Mungu.

Kwa hiyo ninayoomba ni machache, na yote yanaweza kuanza mwaka huu. Manahodha wa majahazi na mashua, na makarani wa boti, wasipokee mbwa wala paka asiye na kadi ya chanjo, kama wasivyopokea pipa la petroli bila ya kuuliza. Bandari ndogo ziangaliwe pamoja na Malindi, maana kikapu hakipiti penye geti: Mkokotoni, Kizimkazi, Nungwi, Wete, Mkoani. Anayekuja na mtoto wa mbwa asinyang'anywe akatupiwa baharini, wala asifukuzwe akateremke ufukwe mwengine usiku. Aandikwe jina na shehia, mbwa achanjwe palepale bila ya malipo, afungwe uani kwa mwenyewe kwa miezi sita, na sheha amtembelee. Mtu akijua kwamba atasaidiwa, atakuja mwenyewe.

Na aliyeumwa, awe kaumwa na mbwa wa nani, wa kizungu au wa wasasi, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, asitie chumvi wala mafuta wala asilifunge, na aende hospitali ya Mnazi Mmoja siku hiyohiyo. Dozi zote alizoandikiwa azimalize, hata jeraha likiwa limepona baada ya dozi ya kwanza.